Kilimo hai au cha kawaida kwa mtoto wa miezi sita: wapi inafaa kulipa zaidi

Mzazi anayemwanzishia mtoto chakula cha nyongeza hupokea ushauri kutoka kila upande, na siku hizi mmoja unasikika kuliko mingine: mpe mtoto chakula cha kilimo hai, usimlishe sumu za sokoni. Ushauri huo unatoka kwenye upendo. Shida yake ni kwamba unaweka vyakula vyote kapu moja, na mzazi mwenye hela ya kuhesabu anabaki akijilaumu kila anapompikia mwanawe mchicha wa gengeni.

Swali hili halina jibu la jumla. Lina jibu kwa kila chakula. Vipo ambavyo ningelipa zaidi bila kusita, vipo ambavyo kulipa zaidi ni kupoteza hela, na ipo hatari moja kubwa ambayo nembo ya kilimo hai haiigusi kabisa.

Kwa asiye na muda wa kusoma mpaka mwisho: mtoto wa miezi 6 hadi 24 hapa kwetu, hela ya kwanza iende kwenye mayai, dagaa, maini na nafaka kavu iliyo safi. Hela ya pili iende kwenye mboga za majani na nyanya ambazo unajua zimelimwaje. Vingine vyote vinafuata nyuma, kwa mbali.

Nembo inaahidi nini

Nchi za Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, na nembo yake imeandikwa "Kilimo Hai". Tanzania harakati hizo zinaongozwa na mtandao wa wadau wa kilimo hai uitwao TOAM, na Kenya mtandao kama huo uitwao KOAN. Mkulima anayefuata kiwango hicho hatumii viuatilifu (dawa za kuua wadudu, ukungu na magugu) vya viwandani, hatumii mbolea za chumvichumvi, wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Anaruhusiwa kutumia dawa zenye asili ya mimea na madini, kama pareto, mwarobaini na baadhi ya dawa za shaba. Kwa hiyo zao la kilimo hai linaweza kuwa limepigwa dawa, ila za aina nyingine na kwa masharti.

Mazao mengi yaliyothibitishwa hapa kwetu, kahawa, kakao, pamba, viungo vya Zanzibar, huenda nje. Yanayobaki sokoni ni machache. Vipo vikundi vya wakulima wanaokaguana wenyewe kwa wenyewe kwa utaratibu unaotambulika, na mazao yao utayakuta kwenye maduka na masoko machache ya mijini. Lakini kifurushi kilichoandikwa tu "asilia" au "ogani", bila nembo na bila jina la aliyethibitisha, hakina ahadi yoyote nyuma yake. Usikilipie ziada.

Virutubishi: hapa wanalingana

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipitia ushahidi na kutoa taarifa yake 2012. Kilisema vyakula vya kilimo hai na vya kawaida vina vitamini na madini yanayokaribiana kiasi kwamba tofauti haina uzito kwa afya ya mtoto. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya tafiti nyingi na kufikia mahali hapohapo. Karoti ni karoti. Anayekuuzia kwa kudai kwamba ya kilimo hai ina lishe maradufu anakuuzia maneno.

Kuna sehemu moja ambapo cha kilimo hai kinaweza hata kuwa nyuma, nayo ni madini chuma. Akiba aliyozaliwa nayo mtoto huanza kuisha karibu na mwezi wa sita, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana madini chuma ya kutosha kuanzia hapo. Kwa viwango vya Marekani mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 kwa siku. Baba yake anahitaji 8. Sasa, sheria za Ulaya za kilimo hai haziruhusu kuongeza vitamini na madini kwenye chakula isipokuwa pale sheria nyingine inapolazimisha. Ndiyo maana pakiti nyingi za uji wa watoto wa kilimo hai kutoka Ulaya zina vitamini B1 tu ya kuongezwa, bila madini chuma, wakati pakiti ya kawaida ya bei nafuu rafu ya chini yake imeongezwa. Mzazi wa Mikocheni au Kilimani anayenunua ile ya bei kubwa akiamini amempa mtoto kilicho bora anaweza kuwa amempa kisicho na kitu anachokihitaji zaidi. Geuza pakiti, soma nyuma.

Hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa 2022 ulionyesha kwamba karibu watoto 6 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu, na asilimia 30 wamedumaa.

Mabaki ya viuatilifu: hapa kilimo hai kinashinda

Mtoto si mtu mzima mdogo. Kwa kila kilo ya mwili wake anakula na kunywa zaidi yetu, anarudia chakula kilekile siku nenda siku rudi, na ubongo na ini lake bado vinajengwa. Hoja hii ilitolewa rasmi na Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani 1993, na miaka mitatu baadaye nchi hiyo ikabadilisha sheria ili viwango vya viuatilifu kwenye chakula vizingatie watoto.

Uchambuzi wa Stanford nilioutaja ulikuta mabaki kwenye asilimia 7 ya sampuli za kilimo hai, dhidi ya asilimia 38 za kawaida. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2006, uliwachukua watoto 23 wa shule katika eneo la Seattle, wakabadilishiwa chakula kwa siku tano wale cha kilimo hai. Alama za viuatilifu viwili, malathion na chlorpyrifos, zilishuka kwenye mkojo wao karibu mara moja mpaka zisionekane. Waliporudi kwenye chakula cha kawaida, zikarudi. Chlorpyrifos ndiyo ile ambayo Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea kibali mwaka 2020 kwa sababu ya wasiwasi juu ya ubongo wa watoto.

Je, watoto wanaokula kilimo hai wanakuwa na afya bora? Hapo ushahidi unakuwa mwembamba. Uholanzi, watafiti waliowafuatilia watoto tangu tumboni walichapisha 2008 kwamba waliokuwa kwenye nyumba zinazotumia maziwa ya kilimo hai pekee walikuwa na ukurutu mchache zaidi wa ngozi walipofika miaka miwili. Kwa nyama, mayai, matunda na mboga hawakuona tofauti. Na familia zinazonunua kilimo hai mara nyingi zina mengine tofauti pia, kwa hiyo si rahisi kusema ni maziwa yaliyofanya kazi. Mimi nachukulia hivi: kupunguza mabaki ni faida ya kweli, inafaa kuitafuta pale yalipo mengi, na haifai kuilipia pale yalipo machache.

Mboga za majani na nyanya

Hapa ndipo yalipo mengi, na hapa ningelipa.

Nyanya imepata taabu tangu kantangaze aingie, yule mdudu anayechimba majani na matunda, aliyefika Tanzania karibu na 2014. Wakulima waliona shamba zima likienda kwa wiki chache, wakaanza kupiga dawa mara kwa mara, wakichanganya mbili tatu. Ongeza na dawa za ukungu wakati wa mvua. Vumbi jeupe au la rangi ya bluu unaloliona kwenye nyanya sokoni mara nyingi ni dawa ya ukungu ya jamii ya mancozeb, na wapo wanunuzi wanaoipenda nyanya ya hivyo kwa kuwa haiozi haraka. Kwa chakula cha mtoto, iache. Mancozeb inapopashwa moto hubadilika kuwa kemikali nyingine, ETU, inayosumbua tezi ya shingo, kwa hiyo utaratibu una maana: nyanya ioshwe vizuri kwanza, imenywe, ndipo ipikwe. Kuitumbukiza kwenye sufuria na vumbi lake ukidhani moto utamaliza kila kitu ni kosa. Ulaya nayo iliacha kuiruhusu dawa hiyo mwaka 2020.

Mboga za majani hazifanani. Chainizi, sukuma wiki na kabichi zinapendwa sana na viwavi, na wakulima wa mjini huzipulizia karibu na siku ya kuvuna kwa sababu mteja hataki jani lenye tundu. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye chupa, na si kila mmoja anazingoja. Kinyume chake, matembele, kisamvu, majani ya maboga na mlenda kwa kawaida hukua bila usumbufu mwingi. Mzazi asiyeweza kupata mboga ya kilimo hai anapata sehemu kubwa ya faida yake kwa kubadilisha mboga tu: matembele badala ya chainizi, na hela imebaki mfukoni. (Kisamvu kitwangwe na kichemshwe muda mrefu, kama bibi zetu walivyofanya, kina sumu yake ya asili inayotoka kwa kutwanga na kuchemsha.)

Kuna jambo ambalo hata nembo haitakuambia vizuri: maji. Mwaka 1999 watafiti wa Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakakuta metali nzito ndani yake, risasi na kadimi zikiwemo. Mchicha wa bonde la namna hiyo unaweza kuwa haujapigwa dawa hata tone na bado ukawa haufai kwa mtoto, maana metali zimepandia mizizini na haziondoki kwa kuosha wala kupika. Muulize muuza genge mboga inatoka wapi kabla hujamuuliza kama ina dawa. Wengi wanajua, na anayekuheshimu kama mteja wake wa kila siku atakuambia.

Kuosha kunasaidia kwa mabaki ya juu: maji yanayotiririka na kusugua kwa mkono, bila sabuni. Dawa zinazoingia ndani ya mmea hazitoki kwa kuosha, na hapo ndipo mboga ya kilimo hai ina nafasi yake.

Matunda na mizizi

Ndizi, parachichi, papai, embe, tikiti: unamenya, unatupa ganda, na sehemu kubwa ya mabaki inakwenda nalo. Osha kabla ya kumenya ili kisu kisipeleke uchafu ndani. Viazi vitamu, magimbi na mihogo hukua kwa dawa chache. Viazi mviringo hupigwa dawa ya ukungu zaidi, basi vimenye. Tofaa na zabibu za kuagizwa ndizo ningeziwekea alama ya kuuliza, lakini mtoto wa Mbeya au Kisumu hakosi kitu asipozila.

Nafaka: adui ambaye nembo haimwoni

Kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu kwa kila mzazi, lingekuwa hili. Kwenye uji wa mtoto, sumukuvu inanitia hofu kuliko viuatilifu vyote.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na mtama, shambani wakati wa ukame na ghalani pakiwa na unyevu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwemo, na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikaja zamu ya Dodoma na Manyara, watu 20 wakapoteza maisha. Hivyo ni vifo vya ghafla vinavyoonekana. Kiasi kidogo cha kila siku hakionekani: kinaumiza ini taratibu, na tafiti za Benin na Togo zilizochapishwa 2002 zilikuta kwamba watoto wenye sumukuvu nyingi mwilini ndio wafupi na wepesi zaidi kuliko wenzao. Moto wa uji hauiui. Huwezi kuinusa wala kuiona kwenye unga.

Mahindi ya kilimo hai yaliyoanikwa chini na kufungwa yakiwa na unyevu yana hatari ileile ya mahindi ya kawaida yaliyoanikwa chini. Nembo ya kilimo hai inazungumzia shamba lilivyotunzwa. Ukavu wa gunia ni habari nyingine. Linganisha na viwango hivi: kiwango cha juu cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 5 za aflatoksini B1, sumukuvu iliyo kali zaidi, kwa kilo. Ulaya, kwa chakula cha nafaka cha watoto wachanga, ni 0.1, yaani mara 50 chini yake.

Kwa hiyo ziada ambayo ungelipa kwa unga wa kilimo hai, ilipie nafaka nzima unayoiona kwa macho. Chambua, tupa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa. Hizo usimpe hata kuku wala ng'ombe, maana sumu inarudi kwenye yai na maziwa. Saga kidogo kidogo. Kukoboa kunapunguza sumukuvu sana kwa kuwa imekaa zaidi kwenye ganda na kiini, na kwa mtoto wa umri huu napendelea sembe iliyokobolewa nyumbani kuliko dona ya asili usiyoijua. Vitamini zinazopotea atazipata kwenye yai na mboga. Ulezi na mchele hushambuliwa kidogo kuliko mahindi, kwa hiyo zungusha nafaka. Kwa kuhifadhi, mifuko ya PICS isiyopitisha hewa inazuia wadudu bila dawa ya ghalani, na hapo umepata faida ya kilimo hai bila kuilipia kwa kilo.

Na ule unga wa lishe wenye kila kitu ndani, mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, uliosagwa kwa pamoja ukae miezi mitatu: naomba tuuache. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoongoza kwa sumukuvu, vikishasagwa hakuna anayeweza kuvichambua tena, na mafuta ya karanga yanachacha ndani ya mfuko. Uji wa ulezi peke yake, wa ulezi ulioloweshwa au ulioota kimea, na karanga ulizozichagua, ukazikaanga na kuzisaga siku ileile, ni bora na rahisi zaidi.

Mayai, maziwa, asali

Yai la kienyeji na la kisasa yana protini ileile, karibu gramu 6. Rangi ya kiini inatokana na alichokula kuku, majani au mahindi ya njano, na haisemi lolote kuhusu nguvu ya yai. Wasiwasi juu ya dawa za antibiotiki kwa kuku wa kisasa ni halali. Nunua kwa mfugaji unayemfahamu na anayesubiri siku za dawa ziishe. Lakini kuku wa kienyeji naye anakula kilichopo chini. Agbogbloshie, Ghana, penye jalala la vifaa vya umeme, mayai ya kuku wanaozurura yalipimwa 2019 na kukutwa na sumu ya dioksini nyingi mno. Kuku anayezunguka gereji au dampo hana yai la afya kwa sababu tu amefugwa huru.

Kama bei ya yai moja la kienyeji inanunua mawili ya kisasa, nunua mawili. Ecuador, jaribio lililochapishwa 2017 liliwapa watoto kuanzia miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi sita, na udumavu ukapungua sana. Jaribio kama hilo Malawi halikuonyesha tofauti hiyo ya urefu. Watoto wa kule ziwani Mangochi walikuwa tayari wanakula samaki. Huenda ndiyo sababu, kwa kuwa mayai na samaki vinafanya kazi inayofanana, na dagaa waliosagwa vizuri baada ya kuoshwa mchanga wanafanya kazi hiyo kwa hela ndogo.

Maziwa ya mama yanaendelea mpaka miaka miwili na zaidi. Kwa mtoto anayehitaji maziwa ya kopo, yale ya kilimo hai na ya kawaida yanafuata kanuni moja ya virutubishi, kwa hiyo bei kubwa haikupi mtoto aliyelishwa vizuri zaidi. Hatari kubwa ni maji na chupa chafu. Maziwa ya ng'ombe wa nyumbani yachemshwe hata kama ng'ombe ni wako na anakula majani tu.

Asali, hata ya nyuki wadogo, hata ya Tabora iliyothibitishwa, haipewi mtoto chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo, kwenye utumbo wake mchanga, husababisha ugonjwa wa kupooza mwili. Hapa hakuna cha kulinganisha.

Vya kopo na vya mfuko

Mifuko ya matunda ya kufyonza ya kilimo hai ndiyo bidhaa ningeiacha rafuni kwanza. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya ilitoa ripoti 2019 baada ya kupitia bidhaa karibu 8,000 za watoto katika miji minne, na katika mitatu kati yake, nusu au zaidi ya bidhaa zilipata zaidi ya asilimia 30 ya nguvu zake kutoka kwenye sukari. Juisi ya tofaa iliyokolezwa ni sukari hata tofaa likiwa la kilimo hai.

Ndugu zetu walioko Ujerumani, Uholanzi au Uswidi wana hali tofauti kidogo. Huko sheria inataka chakula chochote cha watoto wachanga cha dukani kisizidi miligramu 0.01 ya kiuatilifu kwa kilo, kiwe cha kilimo hai au la. Kwa chakula cha kopo, basi, tofauti ya mabaki imebaki ndogo sana, na cha kuangalia ni madini chuma na sukari. Kwa mboga mbichi ya sokoni, sheria hiyo ya watoto haihusiki, na hapo kilimo hai bado kina hoja.

Kwa aliyeko hapa na ana hata kibaraza, mboga ya mtoto inaweza kutoka kwenye magunia matatu: moja la mchicha, moja la matembele, moja la majani ya maboga. Mtoto wa mwaka mmoja anakula vijiko vichache tu kwa mlo. Tumia samadi iliyooza ikapoa, si mbichi, maana mbichi hubeba vijidudu vya kuharisha. Udongo usitoke karibu na gereji, kiwanda cha betri wala kando ya barabara kuu, na maji yawe yale ambayo ungekubali kuoshea vyombo.